Barua ya kodi baada ya kufilisika: usilipe haraka, na usiitupe

Barua ilinikuta Jumamosi asubuhi, Machi 2025, nimerudi kutoka zamu ya usiku na sare ya kazi sijaivua. Bahasha nyeupe yenye dirisha, imetoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Niliifungua nimesimama jikoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarakimu moja iliyokolezwa wino: dola 1,894. Nikavuta kiti, nikakaa.

Februari 2023 nilikuwa nimefungua kesi ya kufilisika hapa Dallas, ile ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, ambayo inafuta madeni bila mpango wa kulipa kidogo kidogo, na Juni mwaka huohuo mahakama ikatoa amri ya kunifutia madeni. Mama yangu alikuwa amelazwa Bombo, Tanga, wiki sita nzima. Mimi huku saa za kazi zimepunguzwa, na pesa ya nyumbani ikawa inatoka kwenye kadi za mkopo. Kutamka kwamba nimefilisika kulinigharimu sana. Nilipoishika ile amri mkononi niliamini yamekwisha. Ndiyo maana barua ile iliniuma kuliko madeni yenyewe.

Ninaandika kwa ajili yako uliye Marekani, uliyepita njia hiyohiyo, na sasa una bahasha kama ile mezani. Mimi si wakili wala mhasibu. Ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Lakini niliifuatilia ile barua mpaka mwisho, na kati ya zile dola 1,894 nilikuja kulipa 158 tu. Hakuna aliyenionea huruma. Niliivunja ile bili vipande vipande, na kila kipande nikakiuliza: umetoka wapi, na umezaliwa lini?

Kwetu tumelelewa na ule msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli kwa deni lililo lako. Mwenzangu mmoja kazini, Mkenya, naye alipata barua kama yangu mwaka mmoja kabla yangu. Alilipa yote kwa hofu, akakopa kwa ndugu ili alipe, na alipokuja kunisikiliza tukakuta sehemu kubwa hakuwa anadaiwa. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Dada, kwa nini hakuna aliyetuambia?"

Soma kwanza namba iliyo pembeni

Kila barua ya IRS ina namba yake, iko juu au chini kwenye kona ya kulia ya ukurasa. Namba hiyo ina maana kubwa kuliko kiasi cha pesa kilichoandikwa, kwa sababu ndiyo inayokuambia uko hatua gani na una siku ngapi.

Yangu iliandikwa CP2000. Hiyo si bili bado. Ni pendekezo: kompyuta yao imelinganisha ritani uliyowasilisha, yaani fomu yako ya kutangaza kipato cha mwaka, na fomu walizotumiwa na mabenki na waajiri, ikaona kuna kipato ambacho hukukitaja, ikapiga hesabu ya kodi ya ziada. Wanakuuliza unakubali au hukubali. Tarehe ya mwisho ya kujibu imeandikwa ukurasa wa kwanza, kwa kawaida siku 30, na 60 kwa aliye nje ya Marekani. Ukiona hutawahi, omba waongeze muda kabla tarehe haijapita. Ukinyamaza, wanakutumia barua rasmi ya upungufu wa kodi, na hapo una siku 90 za kwenda Mahakama ya Kodi ya Marekani, ambayo ada yake ya kufungua shauri ni dola 60. Zile siku 90 haziongezwi.

Ikiandikwa CP14, hiyo ni bili ya kwanza ya kodi ambayo tayari imeshakadiriwa. CP504 ni onyo zito. LT11 ni tangazo la mwisho kabla hawajagusa mshahara au akaunti yako ya benki. Una siku 30 za kuomba usikilizwe, kwa fomu 12153. Ukishika LT11, acha kusoma makala, mtafute mtu wa kukusaidia wiki hiyohiyo.

Mwingine anayekupigia simu akidai ni IRS, akitaka ulipe kwa kadi za zawadi za dukani, ni mwizi. Kesi za kufilisika ni kumbukumbu za wazi, yeyote anaweza kuziona, na matapeli wanaziona pia.

Vipande viwili ndani ya barua moja

Makaratasi yangu ya kufilisika nayaweka kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Nililishusha, nikamwaga kila kitu mezani, nikaanza kulinganisha na ukurasa wa barua wenye safu mbili: upande mmoja yale niliyoyaandika kwenye ritani yangu ya 2023, upande wa pili yale waliyoambiwa wao na watu wengine. Ukurasa huo ndio moyo wa barua. Usiuruke ukakimbilia kiasi.

Kulikuwa na mistari miwili ambayo kwenye ritani yangu haikuwepo. Wa kwanza: fomu 1099-C kutoka benki iliyokuwa na kadi yangu ya mkopo, dola 13,480. Wa pili: fomu 1099-R kutoka mfuko wa akiba ya uzeeni wa mwajiri wangu wa zamani, dola 7,200. Fomu zote mbili zilikuwa zimetumwa kwenye fleti niliyohama. Sikuziona kamwe, na ritani niliijaza Aprili 2024 kwa moyo mweupe nikiwa na fomu ya mshahara peke yake.

Kama huna fomu hizo, usimtafute aliyezituma kwanza. Fungua akaunti yako kwenye irs.gov uombe taarifa ya mishahara na vipato ya mwaka husika. Mle utaona kila fomu waliyopelekewa kwa jina lako. Ukiwa humo, pakua pia taarifa ya akaunti ya mwaka huo. Ina namba fupi za miamala zinazotisha kwa macho lakini chache tu ndizo unazohitaji: 150 na tarehe yake ndiyo siku ritani yako ilipoingizwa na kodi kukadiriwa, 290 ni kodi iliyoongezwa baadaye, na 520 inaonyesha kwamba wanajua ulifungua kesi.

Kipande cha kwanza: deni lililofutwa likarudi limevaa jina la kipato

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumizwa. Sheria ya kodi ya Marekani inasema mkopeshaji akikusamehe deni, kile ulichosamehewa ni kipato chako, kana kwamba umelipwa. Mkopeshaji akisamehe dola 600 au zaidi anapeleka fomu 1099-C kwa IRS na nakala kwako. Anayesikia hivyo mara ya kwanza hudhani kwamba kufilisika hakukumsaidia kitu.

Lakini sheria hiyohiyo ina mlango. Deni lililofutwa ndani ya kesi ya kufilisika halihesabiwi kuwa kipato. Halihesabiwi kabisa, liwe dola mia sita au laki moja. Tatizo ni kwamba IRS hawajui kama lako lilifutwa huko mpaka uwaambie, na namna ya kuwaambia ni fomu 982. Kwenye sehemu ya kwanza ya fomu hiyo kuna mstari 1a: unaweka alama kwamba deni lilifutwa katika kesi ya kufilisika. Mstari wa 2 unaandika kiasi. Sehemu ya pili inahusu kupunguza baadhi ya nafuu za kodi na thamani za mali ulizonazo. Mimi sikuwa na nyumba wala biashara na hapakuwa na la kuandika, ila kama una nyumba, biashara au hasara ulizokuwa unazibeba mwaka hadi mwaka, sehemu hiyo mwachie anayejua.

Angalia pia kisanduku cha 6 kwenye 1099-C. Kina herufi moja inayoeleza kwa nini deni limesamehewa. A maana yake kufilisika. Yangu iliandikwa G, yaani mkopeshaji ameamua mwenyewe kuacha kudai. Benki ilikosea. Niliwaandikia kuomba fomu iliyosahihishwa, hawakujibu, na wewe usingoje majibu yao mpaka siku zako ziishe. Herufi ya benki haibatilishi amri ya mahakama. Unachotakiwa ni kuonyesha mambo mawili: kwamba deni hilo lilikuwepo kabla hujafungua kesi, na kwamba lilifutwa. La kwanza linathibitishwa na orodha ya wadai wasio na dhamana uliyoijaza na wakili wako, fomu 106E/F. Tafuta ukurasa wenye jina la benki hiyo na tarakimu nne za mwisho za akaunti. La pili linathibitishwa na amri yenyewe ya kufutiwa madeni.

Kama makaratasi yamepotea, usilie. Yako kwenye mfumo wa mahakama za shirikisho uitwao PACER. Ukurasa mmoja ni senti kumi, hati moja haizidi dola tatu, na ukitumia dola 30 au chini ya hapo katika robo ya mwaka hulipishwi chochote. Mimi amri ya jaji nilikuwa nayo lakini orodha ya wadai ilikuwa na kurasa zilizokosekana. Niliipakua usiku ule ule.

Kipande cha pili: hiki kilikuwa changu

Ule mstari wa dola 7,200 nilitamani nao ungekuwa makosa ya mtu. Haukuwa. Januari 2023, mwezi mmoja kabla ya kufungua kesi, nilivunja akiba yangu ya uzeeni kazini, iitwayo 401(k), ili nimlipe wakili na nilipe pango la nyumba. Mfuko ulikata asilimia 20, yaani dola 1,440, ukanipa 5,760. Nilidhani kile kilichokatwa ndiyo kodi yote na mambo yameishia hapo.

Kodi haiendi hivyo. Zile 7,200 zote ni kipato cha mwaka 2023. Na kwa kuwa sijafika miaka 59 na nusu, kuna asilimia 10 ya ziada kwa kuchukua mapema: dola 720. Kwa mshahara wangu niko kwenye ngazi ya asilimia 12, hivyo kodi ya kawaida juu ya 7,200 ni dola 864. Jumla 1,584. Toa 1,440 zilizokwisha kukatwa, zinabaki dola 144. Nilipiga hesabu hiyo kwenye mgongo wa bahasha mara tatu. Sehemu iliyobaki ya lile pendekezo, kodi ya dola 1,618 na riba iliyoongezwa juu yake, ilikuwa imezaliwa na ile 1099-C peke yake.

Ungeniuliza mbona hizo 144 nazo hazikufutwa na kufilisika, wakati pesa niliichukua kabla ya kesi? Kwa sababu kodi ya mapato ni ya mwaka mzima. Mwaka 2023 ulikuwa haujaisha nilipofungua kesi Februari. Kufilisika hakufuti kodi ya mwaka ambao bado unaendelea. Upo utaratibu wa kuomba mwaka wako wa kodi ukatwe vipande viwili siku ya kufungua kesi, ili kodi ya kipande cha kwanza idaiwe kwenye mali za kesi, lakini unamfaa mwenye mali ambazo mfilisi atauza, na una tarehe yake ya mwisho. Baada ya miaka miwili hauna faida tena. Mwambie wakili mapema kama ndiyo kwanza unafikiria kufungua.

Na hapa naomba unisikilize kama dada yako. Akiba ya 401(k), kwa kawaida, wadai hawaigusi katika kufilisika. Sheria inailinda. Nilivunja kitu pekee ambacho hakuna mtu angeweza kuninyang'anya, nikalipia na adhabu juu yake. Kama bado hujafungua kesi na unawaza kuivunja ili upate ada ya wakili, muulize wakili huyohuyo kama atakubali malipo kidogo kidogo kabla ya kufungua, au iulize mahakama kuhusu kulipa ada ya dola 338 kwa awamu au kusamehewa. Iache akiba yako ilale.

Kama barua inahusu kodi ya miaka ya nyuma

Yangu ilikuwa CP2000 ya mwaka wa kesi yenyewe. Wengine wanapata bili ya kodi ya kabla ya kufilisika, na wakiwa na amri mkononi wanauliza: hii nayo si ilifutwa? Inategemea tarehe, na tarehe ni tatu. Ya kwanza, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo, pamoja na muda wa nyongeza kama uliomba, iwe imepita zaidi ya miaka mitatu kabla ya siku uliyofungua kesi. Ya pili, uwe uliwasilisha ritani yenyewe angalau miaka miwili kabla. Ya tatu, kodi iwe ilikadiriwa angalau siku 240 kabla. Na kusiwe na udanganyifu wala kukwepa kwa makusudi. Ikitimia yote, kodi hiyo ya mapato imefutwa. Ikikosekana moja, deni lipo.

Chukua kaka mmoja dereva wa lori tunayesali naye. Kodi yake ilikuwa ya mwaka 2018. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa Aprili 2019, naye alifungua kesi Februari 2024, kwa hiyo ile miaka mitatu ilikwishapita zamani. Lakini ritani hakuiwasilisha mpaka Oktoba 2022. Mpaka kesi inafunguliwa ilikuwa miezi kumi na sita tu. Deni likabaki. Laiti angengoja miezi minane zaidi, ningesema labda, lakini kwa sisi tunaoishi Texas, na walio Louisiana na Mississippi, kuna jambo kali zaidi: mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya kanda yetu iliamua kwamba ritani iliyochelewa, hata kwa siku moja, si ritani kwa ajili ya kufutiwa kodi. Katika baadhi ya majimbo mengine mahakama hazijafunga mlango kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mtu wa Minneapolis asichukue jibu la mtu wa Houston, wala wa Houston asichukue la Minneapolis. Na kama IRS ndio walikujazia ritani kwa sababu hukuijaza, hiyo haihesabiwi kuwa yako.

Kama hukuwahi kuwasilisha kabisa, kama ulikuwa na biashara na ukakata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi bila kuipeleka, hayo hayafutwi hata upite muda gani. Na kama IRS waliandikisha dai lao juu ya mali yako kabla hujafungua kesi, dai hilo linaweza kubaki juu ya mali hiyo hata pale deni lako binafsi limefutwa.

Ukishapiga hesabu ya tarehe ukaona kodi ilitakiwa iwe imefutwa na bado wanakudai, piga kitengo chao cha mambo ya kufilisika kilichoko Philadelphia, si namba ya kawaida iliyo kwenye bili. Uwe na namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe uliyofungua na tarehe ya amri. Yule wa namba ya kawaida mara nyingi haoni kesi yako vizuri. Na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, bila malipo. Mimi naongea Kiingereza kila siku kazini, lakini kwa mambo ya kodi niliomba, na sikuona haya.

Aliye kwenye Sura ya 13, ile aina ya kufilisika ya kulipa madeni kwa mpango, na bado analipa mpango wake, asifanye makubaliano yoyote na IRS peke yake. Ampigie wakili wake kwanza.

Jinsi nilivyojibu

Kwenye fomu ya majibu iliyokuja na CP2000 niliweka alama kwamba sikubaliani na baadhi ya mabadiliko. Siyo yote. Nilikubali 1099-R kwa maandishi, na naamini kukubali kilicho changu ndiko kulikofanya waamini nilichokikataa.

Barua yangu ilikuwa ya nusu ukurasa. Sikuandika habari za mama wala za zamu za usiku, ingawa moyo ulitaka. Niliandika hivi, kwa Kiingereza chepesi: deni la dola 13,480 lililoripotiwa na benki fulani lilifutwa katika kesi ya Sura ya 7, namba hii, mahakama ya kufilisika ya wilaya ya kaskazini ya Texas, kesi ilifunguliwa tarehe hii, amri ilitolewa tarehe hii, kwa hiyo si kipato, naambatisha fomu 982. Kipato cha 1099-R nakikubali. Naomba hesabu ifanywe upya na makato ya dola 1,440 yahesabiwe. Jina, sahihi, tarehe. Namba ya hifadhi ya jamii na namba ya barua nikaandika juu ya kila ukurasa, maana kurasa hutengana.

Nyuma yake: fomu ya majibu, fomu 982, nakala ya amri, ukurasa wa orodha ya wadai wenye jina la benki niliouzungushia duara kwa kalamu, na nakala ya 1099-C. Nakala tupu, za asili hazitoki nyumbani. Sikuwasilisha ritani ya marekebisho, kwa sababu kwa mambo yaliyo ndani ya CP2000 peke yake haitakiwi, na ukiituma ovyo inaenda kwenye foleni nyingine. Unaweza kupakia hati kupitia tovuti yao, kutuma kwa faksi, au kwa posta. Nilikwenda posta, nikatuma kwa barua ya kusajiliwa yenye risiti ya kurudi, na ile risiti ya kijani ya posta iliporudi na muhuri nikaibandika kwenye boksi la viatu.

Kabla ya kutuma, nilipeleka yote kwenye kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini. Hizi ziko majimbo mengi, zinajulikana kwa kifupi LITC, na ni bure au karibu na bure kwa mwenye kipato kisichozidi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini, deni lenye mzozo likiwa kwa kawaida chini ya dola 50,000. Kijana aliyenihudumia alisoma dakika ishirini, akabadilisha sentensi moja, akasema tuma. Sentensi hiyo moja ilikuwa tarehe niliyoikosea. Kama hakuna kliniki karibu, au barua zako zinapotea ndani ya IRS na unaelekea kukatiwa mshahara, ipo ofisi huru ndani ya IRS yenyewe inayomtetea mlipakodi. Unaiomba kwa fomu 911.

Usimlipe yeyote anayetangaza redioni kwamba atamaliza kodi yako kwa senti chache kwa kila dola. Wengi wanachukua dola elfu kadhaa kufanya kile ambacho kliniki inakifanya bure.

Kinachobaki ni chako, kipangie

Wiki kumi zikapita. Nilikuwa nafungua sanduku la barua kila asubuhi kabla hata ya kuvua viatu. Ilipokuja, ilikuwa CP2000 nyingine, iliyorekebishwa: mstari wa 1099-C haupo tena. Kodi dola 144, na riba, jumla 158. Niliweka sahihi, nikalipa siku hiyohiyo kutoka akaunti ya benki kupitia tovuti ya IRS.

Kama chako kinachobaki ni kikubwa kuliko changu, kilipe kwa mpangilio wala usikikimbie. Kwa anayeweza kumaliza ndani ya siku 180 hakuna ada ya kufungua mpango. Mpango mrefu unaombwa mtandaoni kama deni zima halizidi dola 50,000, au kwa fomu 9465, na mwenye kipato kidogo hupunguziwa au husamehewa ada. Asiye na uwezo hata wa kula anaweza kuomba deni liwekwe kando kwa muda. Riba inaendelea lakini hawagusi mshahara. Kama umekuwa mlipaji mzuri miaka mitatu iliyotangulia, omba adhabu ya mara ya kwanza ifutwe.

Wapo watakaouliza kuhusu uraia, maana hata mimi nililala macho kwa ajili hiyo. Kufilisika hakukuzuii. Ila fomu N-400 inauliza kama unadaiwa kodi iliyopitiliza muda, na unajibu kweli. Mwenye mpango wa malipo na risiti za kuufuata anakwenda na makaratasi yake mkononi. Aliyeficha ndiye mwenye shida.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Kama uko Minnesota, Ohio au kwingine yenye kodi hiyo, IRS huwapa majimbo taarifa za mabadiliko, kwa hiyo tegemea barua ya pili kutoka huko, na uwe tayari na nakala zilezile za fomu 982 na amri ya mahakama.

Jumatatu iliyofuata nilijaza fomu 8822, ya kubadilisha anwani, nikaituma IRS. Kisha nikaupigia simu ule mfuko wa akiba ya uzeeni na kuwapa anwani mpya nao pia.